Programu isiyoona diski: kupanga ruhusa za faili kwenye Genode

Nikikabidhiwa kifaa kidogo kinachoendeshwa na maikrokeneli, yaani keneli ndogo inayoacha kazi nyingi za mfumo kwa programu za kawaida, swali langu la kwanza kwa kila programu iliyomo ni: hii inahitaji kuona nini? Kwenye Linux tumezoea kuanzia upande wa pili. Programu inazaliwa ikiwa tayari inaona mti mzima wa faili kuanzia mzizi, halafu tunaanza kuibana kwa watumiaji, vikundi na namba za ruhusa kama 644. Kwenye Genode, fremu ya kujengea mifumo endeshi, programu inazaliwa bila faili hata moja. Kila folda inayoiona, hata pale inapoandika ujumbe wake wa makosa, imewekwa na aliyeandika usanidi.

Genode ilianzia Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dresden, Ujerumani, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2008. Yenyewe si keneli. Inakaa juu ya keneli mbalimbali, zikiwemo seL4, NOVA na Fiasco.OC. Keneli za aina hii hazijui faili ni kitu gani. Kazi yao ni kugawa muda wa prosesa na kumbukumbu, na kupitisha ujumbe kati ya michakato. Draiva ya diski ni mchakato wa kawaida, anayegawa diski vipande ni mchakato mwingine, na anayeelewa mifumo ya faili kama FAT au ext2 ni mwingine tena. Kwa hiyo ruhusa ya faili inaamuliwa kwa kuangalia nani anaruhusiwa kuongea na nani.

Chukua kifaa cha kupima joto na unyevu. Ndani yake kuna programu tatu: kirekodi kinachoandika vipimo, paneli inayovionyesha kwenye skrini, na kisasishi kinachopokea matoleo mapya kupitia mtandao. Kirekodi ninakiandikia hivi, kwa sintaksia ya XML ambayo Genode imeitumia kwa miaka mingi:

```
<start name="kirekodi" caps="150">
  <resource name="RAM" quantum="8M"/>
  <config>
    <vfs>
      <dir name="dev"> <log/> <null/> </dir>
      <dir name="tmp"> <ram/> </dir>
      <dir name="data"> <fs/> </dir>
    </vfs>
    <libc stdout="/dev/log" stderr="/dev/log"/>
  </config>
  <route>
    <service name="File_system"> <child name="vfs_diski"/> </service>
    <service name="PD">    <parent/> </service>
    <service name="CPU">   <parent/> </service>
    <service name="ROM">   <parent/> </service>
    <service name="LOG">   <parent/> </service>
    <service name="Timer"> <child name="timer"/> </service>
  </route>
</start>
```

Sehemu ya `vfs` ndiyo mti wa faili wa kirekodi, dunia yake nzima; `route` inataja nani anakipa kila huduma. Msimbo wake wa C unaita `open("/data/leo.csv")` kama kawaida, wala haujui kwamba `/tmp` imo ndani ya kumbukumbu yake wenyewe na `/data` iko kwa mchakato mwingine kabisa. Hakuna `/etc`, na hakuna folda ya programu jirani ya kuchungulia. Mshambuliaji akifanikiwa kukiteka kirekodi, anachorithi ni vipimo vya joto na folda ya muda itakayopotea programu ikizimwa.

Upande wa pili uko kwa seva ya faili, `vfs_diski`, yenye sera (`policy`) kwa kila mteja:

```
<policy label_prefix="kirekodi ->" root="/vipimo" writeable="yes"/>
<policy label_prefix="paneli ->"   root="/vipimo"/>
```

Kirekodi kinaita folda hiyo `/data`, seva inaiita `/vipimo`, na paneli inaweza kuipa jina lolote inalotaka. Paneli haikuandikiwa `writeable`, kwa hiyo inasoma tu; seva haimpi mtu uwezo wa kuandika mpaka usanidi useme hivyo. Kisasishi hakikutajwa kabisa, na hilo ni uamuzi, si usahaulifu: kikijaribu kufungua kikao, yaani muunganisho wa mteja na mtoa huduma, na seva hii, kinakataliwa. Kumbuka tu kwamba folda ya `root` inapaswa kuwepo kwenye diski kabla mteja hajaja kubisha, kwa hiyo ninaiunda wakati wa kuandaa picha ya diski.

Kinachonifanya niupende mpangilio huu ni lebo, yaani jina linaloambatana na kila ombi la kikao, ambalo seva hulilinganisha na sera zake. Programu inapoomba kikao inaweza kujitambulisha itakavyo, lakini ombi linapita kwa mzazi wake, na mzazi ndiye anayebandika jina la mtoto mbele ya lebo. Paneli ikijiita "kirekodi", seva itapokea lebo inayoanza na "paneli ->" na chochote itakachosema kitafuata nyuma yake. Hakuna nywila wala namba ya mtumiaji ya kughushi. Ukiwa na mfumo mdogo ndani ya mfumo mwingine, kila ngazi inaongeza jina lake, na seva inaisoma nasaba yote.

Ndiyo maana hunisikitisha kuona vifaa vinapelekwa kazini vikiwa bado na mistari iliyonakiliwa kutoka kwenye mifano ya kujifunzia. Mmoja ni `default-policy` yenye `root="/"` na `writeable="yes"`. Mwingine ni `any-service` inayoelekezwa kwa `any-child`. Kwa anayejaribu kitu mezani, mistari hiyo inaokoa muda, na sina ugomvi nayo hapo. Kwenye kifaa kitakachofungwa ukutani na kufanya kazi miaka kumi, mstari wa kwanza unampa kila mteja diski nzima, na wa pili unamruhusu kila mtoto kumfikia kila mtoa huduma. Ukiiweka yote miwili umerudi kulekule kwenye mti mmoja wa wote, tena bila hata namba za 644 za kukusaidia. Ndiyo sababu hapo juu nimeorodhesha huduma moja moja. Orodha ni ndefu kidogo, lakini anayekagua anaiona yote kwa macho bila kukisia.

Kisasishi kinastahili kutazamwa kwa karibu zaidi, maana ndicho kinachoongea na mtandao. Mwaka 1988 Norm Hardy alisimulia kisa cha kompyuta za kampuni ya Tymshare. Kompaila (programu ya kutafsiri msimbo) ya FORTRAN ilikuwa imepewa ruhusa ya kuandika kwenye folda ya mfumo, kwa sababu iliweka takwimu za matumizi humo. Kompaila hiyo ilimruhusu pia mtumiaji kutaja jina la faili la kupokea taarifa za utatuzi wa hitilafu. Mtumiaji mmoja akataja jina la faili la ankara, lililokuwa kwenye folda hiyohiyo. Kompaila ikaandika juu yake, na taarifa za malipo zikapotea. Mtumiaji hakuwa na ruhusa ya kuligusa faili lile. Kompaila ilikuwa nayo, ila haikuweza kutofautisha ruhusa yake na ombi la mtu mwingine.

Kisasishi kiko kwenye hatari hiyohiyo kila siku, kwa kuwa majina ya faili yanakijia kutoka nje ndani ya kifurushi. Ninakipa folda moja ya mapokezi tu, tena si kutoka kwa `vfs_diski`. Programu nyingine ndogo, isiyo na mtandao kabisa, inasoma folda hiyo, inakagua sahihi ya kidijitali ya kifurushi, na ndiyo pekee yenye njia ya kufika kwenye sehemu ya diski yenye mfumo. Jina lenye `../../` ndani ya kifurushi halina pa kwenda, kwa sababu juu ya mzizi wa kisasishi hakuna kitu.

Paneli nayo inahitaji faili moja la mipangilio: lugha, mwangaza, vizio vya kipimo. Hapa watu hukimbilia kufungua kikao cha pili cha mfumo wa faili, na mimi nashauri wasifanye hivyo. Kuna kijenzi kinachoitwa `fs_rom` kinachosoma faili kutoka kwenye mfumo wa faili na kulitoa kama ROM, yaani kipande cha kumbukumbu cha kusoma tu. Faili likibadilika, mteja anaarifiwa na kupata toleo jipya. Paneli inapata mipangilio yake bila kujua kwamba imetoka kwenye diski. Kabla ya kuandika `<fs/>` kwa programu yoyote, angalia kwanza kama ROM haitoshi. Kwa mipangilio mara nyingi inatosha.

Umeme ukikatika ghafla, ext2 haina jarida, yaani kumbukumbu ya mabadiliko, la kuirudisha kwenye hali nzuri. Ndiyo maana vipimo vinavyoandikwa saa zote havikai kipande kimoja na mipangilio. Kwa hivi viwili ninaendesha seva mbili za mfumo wa faili, na kwenye `part_block`, kijenzi kinachogawa diski vipande, kila moja inapewa namba ya kipande chake. Ya mipangilio hainyimwi kusoma, ila kuandika haipewi. Kipande cha vipimo kikiharibika, kifaa bado kinawaka na skrini inasema tatizo liko wapi.

Kuhusu kumbukumbu, jambo ni fupi. Anayefungua kikao ndiye anayekilipia kutoka kwenye mgao wake wa RAM, kwa hiyo mteja mlafi hawezi kuimaliza seva. Ila `/tmp` ya kirekodi nayo inakula humohumo kwenye zile 8M, na anayeijaza atakwama yeye, si jirani yake.

Kabla ya kukabidhi kifaa, ninapitia usanidi nikiondoa ruhusa moja moja: `writeable` hii, njia ile, folda ile. Kisha nawasha kifaa na kusoma logi. Kama programu iliitegemea ruhusa niliyoiondoa, `init`, mzazi anayeanzisha programu hizi kwa kufuata usanidi, itasema haikupata njia ya huduma hiyo, au seva itasema lebo haina sera, au programu yenyewe itashindwa kuandika, na hapo nairudisha. Kama kifaa kimefanya kazi zake zote na logi imekaa kimya, ruhusa hiyo hairudi.