Faili moja, ofisi nzima
Wenye ofisi ndogo hapa Nairobi, nawasihi: msiache hesabu za wateja kwenye faili moja la Access (programu ya Microsoft ya kuhifadhi data kwenye majedwali) ambalo kila mfanyakazi analifungua kwa Wi-Fi. Nimetoka kumsaidia mama mmoja anayeuza vipuri Kirinyaga Road na bado roho inaniuma. Stima ilipotea keshia akiwa katikati ya kuhifadhi ankara, faili likaharibika, na madeni ya asubuhi nzima hayakuonekana tena. Hayo ni pesa za watu.

Access ni programu nzuri sana kwa mtu mmoja. Kikomo chake rasmi ni watumiaji 255 kwa wakati mmoja, lakini hiyo ni ya kwenye karatasi. Hakuna seva ya kupokea maombi na kuyapanga foleni. Kila kompyuta inaandika yenyewe moja kwa moja ndani ya faili. Mtandao ukiyumba hapo katikati, maandishi yanabaki nusu. Na faili likifika GB 2, basi, halipokei tena.

Tumehamisha majedwali yote kwenye PostgreSQL, programu ya bure ya hifadhidata ambayo ndiyo seva ya kupokea maombi hayo, katika kompyuta moja yenye UPS (betri inayoishikilia stima ikipotea). Kila mfanyakazi amewekewa nakala yake ya fomu zilezile za Access, na tumevuta waya badala ya Wi-Fi. Bakapu inajifanya kila usiku. Keshia hakuhitaji kujifunza kitu kipya, na hilo lilinifurahisha kuliko yote.

Mwenye shida kama hii aniandikie inboksi, nitamwelekeza bila malipo.