Woodward na GTO la 1964 Lenye Rangi ya Kiwandani

Kutoka Columbus, Ohio, hadi Detroit ni mwendo wa kama saa tatu na nusu. Mimi na shemeji yangu tulitoka kabla hakujapambazuka, tukaipita Toledo jua likianza kupanda, maana Jumamosi ya tatu ya Agosti ukichelewa kufika barabara ya Woodward hupati pa kuegesha. Hiyo ndiyo siku ya magari ya zamani, desturi iliyoanza mwaka 1995. Mimi ni fundi rangi. Kazi nilijifunzia mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na huku ugenini naishi kwa kazi hiyohiyo. Shemeji alikwenda kusikiliza injini. Mimi nilifuata rangi.

Woodward ina historia yake. Mwaka 1909 kipande chake cha maili moja kilimwagwa zege, wakati barabara nyingi za Marekani zilikuwa bado za vumbi na tope. Ukiitoka Detroit kwenda kaskazini unapita Highland Park, kwenye kiwanda ambako mwaka 1913 Ford walianza kuunda magari kwenye mstari unaotembea. Miaka ya 1960 vijana walishindania hapa usiku, kutoka taa hadi taa, na ukiendelea mbele zaidi unafika mji wa Pontiac, kwao na GTO, gari la Pontiac, tawi la kampuni ya General Motors.

Gari hili lilizaliwa kwa ujanja. General Motors ilikuwa imekataza magari yake ya ukubwa wa kati kuwekewa injini inayozidi inchi za ujazo 330. John DeLorean, mhandisi mkuu wa Pontiac, na wenzake wakapitia mlango wa nyuma: mwaka 1964 waliiweka injini ya V8 ya inchi 389 kwenye orodha ya nyongeza ambazo mnunuzi wa Tempest LeMans, gari la ukubwa wa kati, angeweza kuagiza; nyongeza hizo ndizo zilizoitwa GTO. Yaliuzwa magari 32,450 mwaka huo. Yale ya kabureta tatu yalitoa nguvu za farasi 348, na ndipo magari ya misuli, yaani ya kawaida yaliyotiwa injini kubwa yenye nguvu, yalipoanza kuwa homa ya nchi nzima.

Mji wa Royal Oak, hapohapo Woodward, tulikuta GTO mbili za mwaka huo zimeegeshwa ubavu kwa ubavu. Moja nyekundu, imefumuliwa yote na kujengwa upya, inang'aa hadi unajiona meno. Ya pili ya buluu iliyokoza, imepauka mabegani, na rangi ya boneti ina nyufa nyembamba kama nywele. Shemeji alikwenda moja kwa moja kwenye nyekundu. Mimi nilichutama mbele ya ile ya buluu, na mwenyewe, mzee aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja, akainuka kuja kunifungulia milango.

Magari ya General Motors ya wakati ule yalipigwa laka, bila lile tabaka la juu lisilo na rangi tunalomwaga siku hizi. Ndiyo maana ile nyekundu inang'aa kuliko lilivyowahi kung'aa gari lolote lililotoka kiwandani. Kwenye ile ya buluu, nyuma ya bawaba ya mlango, rangi ilikuwa nyepesi kiasi cha kuonyesha praima, mahali ambapo mkono wa mpiga rangi haukufika vizuri. Chini ya mfuniko wa buti palikuwa na tone lililochuruzika likakaukia hapo. Ndani ya boneti, kwenye ukuta wa injini, ilibaki alama ya chaki ya njano ya mkaguzi. Nilipoiona nilinyamaza kidogo. Yule mtu alikuwa kazini, akatia alama yake, akageukia gari linalofuata.

Mzee alinionyesha na namba. Kwenye bloku ya injini, herufi C, yaani Machi, ikifuatiwa na tarehe na tarakimu 4 ya mwaka. Kwenye kibati cha bodi, 03D: wiki ya nne ya Machi. Injini ilisubuliwa kwanza, bodi ikafuata, dalili kwamba injini ni ileile ya kiwandani. Rangi ya samawati ya injini ilikuwa imeungua karibu na matundu ya egzozi, kama inavyoungua kwenye kila Pontiac iliyotumika kweli.

"Sasa kaka, kwa nini wasilipake tu likapendeza?" shemeji aliuliza alipotufikia. Ana hoja. Gari lililooza halina budi kujengwa upya, na mafundi wa ile nyekundu walifanya kazi ya kuheshimiwa. Najua saa walizomaliza wakisugua msasa. Lakini wao wenyewe ili wajue boliti ipi ilikuwa nyeusi na ipi haikupakwa kitu, ilibidi wakachungulie gari kama hili la buluu. Likipigwa msasa, hakuna tena pa kuchungulia. Na Pontiac yenyewe, watengenezaji wake, haipo, ilifungwa 2010.

Mzee alituzungusha na ile ya buluu hadi Birmingham, mji wa jirani. Usukani mzito, breki za ngoma magurudumu yote manne, na kwenye foleni ile zilianza kunuka joto. Anayebadilisha breki ili awapakie wanawe simlaumu hata kidogo. Ila kabureta mbili za pembeni kati ya zake tatu zilipofunguka, siti ikanisukuma mgongoni, nikaelewa kijana wa 1964 alikuwa amenunua nini.

Tuliporudi akanionyesha kutu iliyoanza kutokeza chini ya tao la gurudumu la nyuma, akataka ushauri wangu kama fundi. Nilimwambia aisafishe taratibu kwa mkono, apake nta ya kuzuia kutu kwa upande wa ndani, gari lisilale nje wakati wa baridi, barabara zinapomwagwa chumvi ya kuyeyusha barafu, na kwa nje pale asiweke rangi yoyote.