Mwite Fundi Mwenyewe

Mwaka jana nilikwenda soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, kukabidhi mfumo wa kompyuta wa kuhesabu magunia ya dagaa niliouandika peke yangu kwa miezi minne. Mzee aliyeuagiza alinikaribisha vizuri, akaniagizia soda, kisha akamgeukia kijana wa mafunzo kwa vitendo aliyekuwa amenibebea printa, akamwuliza gunia likirudishwa hesabu inasahihishwa vipi. Kijana akamjibu, "Mwulize dada, yeye ndiye aliyeutengeneza." Mzee akacheka. "Sawa binti," akaniambia, "lakini ukikwama, niitie fundi mwenyewe."

Yule mzee simlaumu sana, maana alinilipa yote tuliyopatana, tena siku ile ile, jambo ambalo wateja wangu wengi wenye shahada hawalifanyi. Walioniumiza ni wasomi. Katika usaili mmoja hapa mjini, baada ya kunipa dosari tatu za kurekebisha kwenye msimbo wa programu na kuona nimezimaliza kabla ya muda, waliniuliza kama nimechumbiwa na kama natarajia kupata mtoto karibuni. Mwenzangu wa kiume, tuliyesoma naye darasa moja, aliulizwa mshahara anaoutaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsi, ujauzito, hali ya ndoa au majukumu ya familia, na kinga hiyo inamfikia hata anayeomba kazi. Lakini swali lililoulizwa kwa mdomo, ndani ya chumba kilichofungwa, utalithibitishaje?

Tangu hapo nimekuwa nikituma maombi ya zabuni kwa herufi za kwanza za majina yangu tu, nami nakiri kwamba majibu yameongezeka. Ujanja huu si wangu. Stephanie Shirley, aliyeanzisha kampuni ya kuandika programu nchini Uingereza mwaka 1962 na kuwaajiri wanawake waliofanyia kazi nyumbani kwao, aliona barua zake hazijibiwi mpaka alipoanza kutia sahihi kwa jina la Steve. Katika wafanyakazi wake 300 wa kwanza, 297 walikuwa wanawake. (Sheria ya mwaka 1975 ya kupinga ubaguzi wa kijinsia ndiyo iliyokuja kumlazimu afungulie wanaume mlango, nikilifikiria hilo hucheka peke yangu.) Na kabla yake, nchini Marekani, wanawake 6 ndio walioipangia ENIAC, mojawapo ya kompyuta za kwanza za kielektroniki, hesabu zake, lakini ilipozinduliwa Februari 1946 hawakualikwa kwenye chakula cha jioni cha sherehe hiyo. Kwa hiyo anayeniambia kwamba kazi hii kwa asili yake ni ya wanaume, namwona hajui ilikoanzia.

Tatizo la herufi zile ni kwamba hunifikisha mlangoni tu. Siku ya kikao huingia mimi na sauti yangu, na mara nyingi mwenyeji huchungulia nyuma yangu kuona nani mwingine anakuja.

Mfumo wa Mwaloni bado unafanya kazi. Ukikwama, mzee humpigia yule kijana, ambaye siku hizi yuko Dodoma. Kijana hunitumia ujumbe, nami hufungua kompyuta yangu hapa Nyegezi, nikarekebisha, nikamjulisha ampigie mzee amwambie tayari.