Kumbukumbu ya mradi: mkia wa danio ulionyofolewa mshazari, siku ya 0 hadi ya 28

Swali la mradi ni moja. Mkia ukinyofolewa kwa mshazari, tawi la juu likabaki na kisiki kifupi na la chini kisiki kirefu, yataota kwa kasi moja, au kila moja kwa kasi yake?

Samaki ni danio wa mistari, Danio rerio, mwenyeji wa vijito na mashamba ya mpunga ya India, Bangladesh na Nepal. Maabara nyingi humtumia kuchunguza jinsi viungo vinavyoota upya. Hapa hakuna wembe uliotumika. Mkia uling'atwa na barbi, samaki wenye tabia ya kunyofoa mapezi, waliokuwa tangi moja naye. Anayetaka kurudia kazi hii asikate, angoje tu. Danio akichanganywa na barbi, jambo la ajabu ni mkia kubaki mzima.

Maji

Tangi ni la lita 40, filta ya sponji, danio 6. Barbi walihamishwa. Majeruhi alitengwa kwa wavu ndani ya tangi lile lile, ili maji yasibadilike na wenzake aendelee kuwaona. Danio wa peke yake hutaharuki na kula kwa shida. Joto 28 °C, amonia (sumu itokayo kwenye taka za samaki) 0, naitraiti 0, naitreti chini ya miligramu 20 kwa lita. Kila siku ya tatu hutolewa lita 10 na kurudishwa lita 10.

Chumvi ni gramu 1 kwa lita, iyeyushwe kwanza kwenye jagi. Kosa la kawaida ni kutia gramu 40 upya kila maji yanapobadilishwa. Chumvi haiondoki kwa mvuke. Ukitoa lita 10 umetoa gramu 10, basi rudisha hizo tu. Maji ya bomba yakikaa wazi saa 24 huku yakipulizwa hewa hupoteza klorini, ila kama yametiwa kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, hiyo haitoki kwa kungoja. Hapo tumia sodiamu thayosalfeti.

Joto ndilo lenye ratiba mkononi. Kwenye 28 °C mkia hurudi karibu wote ndani ya wiki 2 hadi 4. Maabara zenye haraka hupandisha hadi 33 °C, lakini nyumbani usiige, kwa sababu maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo na umeme ukikatika pampu ikazima, samaki ndiye anayelipa. Dar es Salaam na Mombasa tangi hufika 28 bila hita kwa miezi mingi. Nairobi au Arusha bila hita, tarehe zilizo hapa chini hazitakufaa.

Kupiga picha na kupima

Sehemu hii ndiyo inayoharibu kumbukumbu nyingi za aina hii. Tulitengeneza kijisanduku cha kioo chenye urefu wa sentimita 12, kimo 8 na kina 3, kikaunganishwa kwa silikoni isiyo na dawa ya kuvu na kuachwa kikauke saa 48. Ndani kuna kioo cha kusukuma kinachomleta samaki taratibu karibu na kioo cha mbele. Maji ni robo lita, yatolewe tangini. Muda wa samaki humo usizidi dakika 3. Taa ikae nyuma, ikifunikwa kwa karatasi nyeupe. Mwanga ukipita ndani ya pezi unaonyesha mifupa, ukitoka mbele unaonyesha mng'ao tu.

Rula isibandikwe nje ya kioo. Samaki akiwa sentimita 1 nyuma ya rula na simu ikiwa umbali wa sentimita 15, ataonekana mdogo kwa takriban asilimia 5. Kwenye mkia wa milimita 7 hiyo ni milimita 0.35, sawa na ukuaji wa siku nzima. Rula iwe ndani ya maji, usawa mmoja na samaki. Picha zilipimwa kwa programu ya bure ya ImageJ.

Kuna wanaouliza kuhusu mafuta ya karafuu ili samaki atulie. Ni kweli yuginoli iliyomo humlaza samaki. Lakini matone hayachanganyiki vizuri na maji, kipimo kinabadilika kutoka chupa hadi chupa, na tofauti kati ya kulala na kufa ni ndogo. Kwa picha ya dakika 3 haina kazi.

Sasa kinachopimwa. Pezi la mkia lina miale, yaani vijiti vyembamba vya mfupa, na danio ana miale mikuu 18. Kila mwale ni vipande viwili vya mfupa vilivyotazamana kama mabano, katikati mna neva, mishipa ya damu na seli laini, na wote umegawanyika pingili pingili kama muwa. Mbele kidogo mwale hupasuka panda. Tulihesabu kutoka juu na kupima mwale wa 3 na wa 16, kuanzia mwisho wa magamba hadi ncha. Usipime "mkia" kwa ujumla. Pezi likifunguka au kujikunja, upana wake haukuambii kitu.

Siku ya 0

Kwa picha za kabla ya jeraha, miale yote miwili ilikuwa milimita 7.0. Sasa mwale wa 3 umebaki 3.0 na wa 16 umebaki 5.5. Yaani deni la juu ni 4.0, la chini 1.5.

Siku ya 1 na ya 2

Kwa jicho hakuna kitu, na hapa ndipo wengi hukata tamaa au hukimbilia dawa. Kumbe kazi imeanza zamani. Ndani ya saa chache seli za ngozi zilizo ukingoni hutambaa na kuliziba jeraha, na kufikia saa 24 pana tabaka kadhaa juu ya kila kisiki. Chini ya ngozi hiyo, kati ya saa 24 na 48, hukusanyika rundo la seli linaloitwa blastema, moja kwenye ncha ya kila mwale. Seli zinazojenga mfupa hujivua kazi yake, husogea hadi kwenye ncha na kugawanyika. Hazigeuki kuwa kitu kingine: zilizotoka kwenye mfupa hurudi kuwa mfupa, za ngozi hubaki ngozi. Danio mwenye jeni mbovu ya fgf20a, inayotengeneza protini ya ishara ya ukuaji, huziba jeraha, lakini blastema yake haiundiki ipasavyo na pezi haliendelei.

Siku ya 3

Ukingo angavu umeonekana. Kilichoota juu ya kisiki, kwa milimita: juu 0.5, chini 0.2.

Huu weupe ndio unaochanganywa na ugonjwa wa kuoza mapezi. Tofauti iko hivi: uotaji hufuata ncha za miale, ukingo ni laini, na mstari unasogea nje siku hadi siku. Kuoza kunakula kuelekea mwilini, ukingo umechanika, una wekundu au ukungu wa maziwa. Kama huna uhakika, piga picha leo na kesho, kisha linganisha urefu wa mwale mmoja. Usitie dawa ya bakteria kwa kukisia. Inaweza kuua bakteria wa filta wanaoondoa amonia, amonia ikapanda, na hapo ndipo kuoza kwenyewe kunapoanza.

Siku ya 6

Kipimo kilisema mwale wa 3 umefupika kwa milimita 0.3 kuliko jana. Pezi halikufupika, samaki alikaa upande. Akigeuka nyuzi 20 tu, urefu unaoonekana hupungua kwa asilimia 6. Tangu hapo kila picha inapimwa pia urefu wa mwili, kutoka mdomo hadi mwisho wa magamba. Danio aliyekomaa hakui kwa kiasi cha kuonekana ndani ya wiki 4, kwa hiyo mwili ukitoka mfupi, picha inatupwa. Mkia unaweza kupinda peke yake mwili ukiwa sawa, ndiyo maana zinapigwa picha 10 na kuchukuliwa urefu mkubwa zaidi. Hata hivyo, makosa ya milimita 0.1 yanabaki.

Siku ya 7

Juu 2.0, chini 0.7.

Jibu limeanza kujitokeza. Tawi la juu linakimbia karibu mara tatu ya la chini, lakini ukitazama madeni, juu limelipa nusu na chini limelipa karibu nusu. Hili si geni: mwanabiolojia Thomas Hunt Morgan, kabla hajajulikana kwa nzi wa matunda, alikata mapezi ya samaki mwanzoni mwa miaka ya 1900 na kuona kuwa kadiri mkato unavyokaribia shina, yaani pale pezi linapoungana na mwili, ndivyo uotaji unavyoharakisha. Leo inajulikana kuwa ishara za protini za kundi la Fgf huwa kali zaidi kwenye mkato wa karibu na shina. Tahadhari moja: 0.7 yenye makosa ya 0.1 ni kipimo dhaifu. Kipimo cha tawi la juu ndicho cha kuaminika zaidi.

Usilinganishe na danio wa mapezi marefu wanaouzwa madukani. Wao wana hitilafu kwenye jeni ya kcnh2a, ya mlango wa seli unaopitisha potasiamu, na pezi lao likikatika hurudi refu vile vile.

Siku ya 10

Juu 2.9, chini 1.1. Pingili mpya zinahesabika, fundo kwa fundo. Mistari myeusi inafuata nyuma ya mfupa, bado imekatikakatika.

Siku ya 14

Juu 3.6, chini 1.4. Kasi imeshuka pande zote mbili. Wavu umeondolewa.

Swali lililojirudia wiki hii: je, mkia uking'olewa hadi shina? Kwa danio, kisiki cha mwale kisipobaki, usitarajie pezi, kwani mifupa ya ndani ya shina hairudi kama inavyorudi miale. Polypterus, samaki anayepatikana mito ya Kongo hadi Ziwa Tanganyika, anaweza kuotesha pezi la ubavuni pamoja na mifupa hiyo ya shina.

Siku ya 21

Juu 3.9, chini 1.5. Kovu hakuna.

Siku ya 28

Urefu haujabadilika tangu siku ya 21. Kilichobadilika ni panda. Kwenye mwale wa 3 ilikuwa milimita 3.4 kutoka magambani, sasa iko 4.0. Kusogea huku kwa panda kuelekea nje kumeonekana pia maabara, ambako danio walikatwa mkia mara 27 mfululizo na bado ukarudi kwa ukubwa wake. Panda ya mwale wa 16 ilikuwa ndani ya kisiki, haikuguswa, na iko palepale. Kwa hiyo anayemtazama samaki huyu leo atajua tawi lipi liliumia zaidi, mradi aweke taa nyuma.