Jinsi nilivyopima programu zangu kwa visomo vya DNA vya kutengeneza

Nilikuwa nimeunganisha programu kadhaa za kutafuta mabadiliko kwenye jenomu (DNA yote) ya bakteria, nikataka kujua zinakosa mangapi. Data ya maabara haiwezi kukujibu hilo, maana ukweli wenyewe huujui. Nikaamua kutengeneza kwa kompyuta visomo vifupi, yaani mifuatano ya herufi za DNA kama inayotolewa na mashine ya kusoma DNA, kutoka jenomu inayojulikana: Escherichia coli K-12 MG1655, herufi 4,641,652.

Jozi moja ya visomo vya herufi 150 (kimoja kutoka kila mwisho wa kipande cha DNA) hubeba herufi 300, kwa hiyo ili kila sehemu isomwe mara 30 kwa wastani nilihitaji jozi kama 464,000. Nilianza na wgsim ya Heng Li, programu ya kutengeneza visomo, kwa kuwa ni nyepesi.

Matokeo yalinitoa jasho. Mahali pengi karibu nusu ya visomo ilikuwa na herufi mpya na nusu ile ya zamani, ilhali bakteria huyu ana kromosomu moja tu! Kwa siku mbili niliishuku programu ya kupanga visomo kwenye jenomu. Kumbe wgsim, usipoiambia vinginevyo, hupachika mabadiliko kwa kiwango cha 0.001, yaani kama 4,600 kwa jenomu hii, tena kwa kudhani kiumbe ana nakala mbili za kila kromosomu kama binadamu. Takriban theluthi mbili ya mabadiliko hayo huingia kwenye nakala moja peke yake. Kuongeza -h, chaguo la nakala moja tu, kuliondoa tatizo. Nikaweka pia -S (namba inayoanzisha ubahatishaji wa programu) yenye namba ileile kila mara, ili nikirudia nipate visomo vilevile, na nikaihifadhi orodha ya mabadiliko ambayo programu huichapisha. Mwanzoni niliiacha ipite kwenye skrini, na ndiyo majibu yenyewe ya mtihani!

Bado kila herufi ilikuwa na alama ileile ya ubora (kiasi cha kuaminika kwake), wakati mashine za kusoma DNA za Illumina kwa kawaida huchoka na kukosea zaidi kuelekea mwisho wa kisomo. Nikahamia ART, programu nyingine ya kutengeneza visomo, inayofuata mwenendo wa makosa uliopimwa kwenye data halisi. ART haipachiki mabadiliko, hivyo niliibadilisha jenomu mwenyewe kwanza.

Mengi niliyoyakosa baada ya hapo yalirundikana kwenye jeni za RNA ya ribosomu. E. coli ana seti saba zinazofanana mno, kila moja kama herufi 5,000, na vipande vyangu vya DNA, ambavyo jozi za visomo hutoka, vilikuwa vya herufi 500. Kisomo kikitoka katikati ya seti mara nyingi hakijulikani ni cha ipi. Siku hizi naziripoti sehemu hizo peke yake.