Siku moja maishani mwangu: fundi wa vihisi kando ya ziwa

Saa 12 na nusu asubuhi niko ndani ya daladala inayotoka Buhongwa, hapa Mwanza, ziwa likiwa mkono wa kushoto, nami nimepakata mkoba wenye multimita ya kupimia umeme, kifaa cha kutoa mkondo wa majaribio na kipimajoto cha rejea ambacho siwezi kukiweka chini ya kiti hata gari lijae vipi. Kazi yangu ni kusanidi indiketa za kidijitali, yaani vioo vinavyoonyesha vipimo kwa namba, na kufanya kalibresheni ya vihisi, yaani kuvilinganisha na kipimo cha rejea, katika kiwanda cha minofu ya sangara.

Saa 1 na robo nampa mlinzi shikamoo yake, kisha naanza na barafu. Barafu safi iliyopondwa, ikashindiliwa ndani ya chupa ya chai na kuongezwa maji ya kujaza nafasi tu, hutulia kwenye nyuzi 0, na kihisi cha joto cha Pt100, ambacho ukinzani wake wa umeme hubadilika kadiri ya joto, kikizamishwa humo hakina budi kuonyesha ukinzani wa omu 100. Vijana wa mafunzo hupenda kutumia maji yanayochemka, nami huwakataza. Mwanza iko takribani mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji yetu huchemka karibu na nyuzi 96, na anayeilazimisha indiketa isome 100 juu ya sufuria inayotokota ameipotosha kwa nyuzi 4.

Saa 2 na nusu msimamizi wa ubora alinifuata akitoka chumba cha baridi cha kuhifadhia samaki, bado na koti la baridi.

“Kaka, kioo kinasema -22, lakini mwili wangu unakataa. Chumba hiki nimekizoea.”

Niliingia na kipimajoto cha rejea, nikakiacha kitulie dakika kumi, kikasoma -12. Nje, kwenye paneli, niliunganisha multimita kwenye waya wa kihisi nikapata miliampea 8.48. Indiketa ilikuwa imesanidiwa kwamba miliampea 4 ni nyuzi -50 na miliampea 20 ni nyuzi 50, na kwa hesabu hiyo 8.48 ni -22 kamili. Kwa hiyo indiketa haikuwa imekosea hesabu. Nilipofungua kifuniko cha transmita, kile kifaa kinachogeuza kipimo cha kihisi kuwa mkondo, nikakuta kibandiko kinachosema -40 hadi 60; kwa masafa hayo 8.48 ni -12. Usiku transmita ya zamani ilikufa, fundi wa zamu akachukua nyingine stoo, ya umbo lilelile na rangi ileile, akaifunga vizuri kabisa bila kugusa menyu ya indiketa.

Kosa la namna hii naliogopa kuliko waya uliokatika. Waya ukikatika mkondo hushuka hadi 0, chini kabisa ya zile 4 za mwanzo, na indiketa hupiga kelele papo hapo. Masafa ya nyuzi ya transmita na ya indiketa yasipolingana, kila kitu huonekana kizima, kompresa hupumzika mapema, na kengele iliyowekwa kwenye -18 hukaa kimya huku samaki wakipata joto.

Nilimwomba mwendeshaji ahamishie kompresa kwenye uendeshaji wa mkono, nikaingiza nywila, nikaandika -40 na 60, kisha nikatuma mkondo wa majaribio: 4 ikasoma -40, 12 ikasoma 10, 20 ikasoma 60. Dada wa ubora alichoma kipimajoto ndani ya katoni: za katikati zilikuwa bado -19, za karibu na mlango zilifika -16, akaamuru zitengwe.

Saa 7 nilikula ugali na sato, upesi.

Saa 8 ilikuwa zamu ya mizani ya ndani ya mstari wa kufungashia, maana ile ya kuuzia ina lakiri ya Wakala wa Vipimo na mimi siifungui. Mizani hii mpya ilisawazishwa Ulaya. Huku kwetu, karibu na ikweta na juu ya mwinuko, mvutano wa dunia ni dhaifu kidogo kuliko kule, na tofauti hiyo hufanya katoni ya kilo 20 isomwe pungufu kwa takribani gramu 70. Mpakiaji angejazia minofu ya bure katoni baada ya katoni, akiamini anatenda haki. Niliweka sifuri sahani ikiwa tupu, nikapandisha jiwe la kilo 20 lenye cheti, nikasubiri namba iache kuchezacheza, ndipo nikathibitisha. Nililirudisha jiwe mara tatu, kila mara kwenye kona nyingine ya sahani, na namba haikubadilika.

Saa 11 jioni fundi wa usiku aliingia. Nilimpeleka mbele ya paneli, nikafungua kifuniko, akasoma kibandiko kwa sauti, akanyamaza kidogo. “Nisamehe, kaka.” Nikampa kalamu, naye akaandika kwa mkono wake katika daftari la paneli: transmita mpya, -40 hadi 60, indiketa imesanidiwa upya na kujaribiwa.