Mvua Ikikaribia, Wazee Wetu Hupanda Ngazi

Kila mwaka mwezi wa Machi unapokaribia na mawingu yakaanza kujikusanya upande wa Menengai, wazee wa mtaa wetu hapa Kiamunyi, Nakuru, huanza kuzikagua gata za nyumba zao kwa macho. Majani ya mgrevilia yamejaa humo tangu kiangazi, na mvua ya kwanza ikiyakuta, maji yatamwagika ukutani badala ya kuingia kwenye tangi. Kwa mtu asiyeishi Nakuru jambo hili laweza kuonekana dogo. Lakini maji ya visima vingi vya eneo hili yana floridi iliyopita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, nayo ndiyo iliyoyatia rangi ya kahawia meno ya watu wengi waliokulia hapa. Maji ya mvua hayana dosari hiyo. Kwa hiyo mzee anayepanda kusafisha gata hafanyi ukaidi. Anawatafutia wajukuu wake maji ya kunywa, na yeyote anayetaka kumshusha sharti aanze kwa kulielewa hilo.

Ngazi yenyewe ndiyo inayonikosesha usingizi. Katika nyumba nyingi ninazozijua, ngazi iliyopo ilipigwa misumari na mafundi wakati wa ujenzi kwa mabaki ya mbao za saiprasi, ikikusudiwa kuwafaa vijana wa mjengo kwa miezi michache, kisha ikaachwa nyuma ya nyumba ikinyeshewa na kupigwa jua miaka nenda miaka rudi. Hivi karibuni niliikagua ya jirani yetu, mwalimu mstaafu. Kila kipago kilikuwa kimepigiliwa juu ya miti miwili ya pembeni bila mkato wowote wa kukikalisha, hivi kwamba uzito wote wa mpandaji ulibebwa na misumari peke yake. Mbao zilikuwa zimepasuka palipopita misumari hiyo, na kichwa cha msumari mmoja kilimomonyoka kwa kutu nilipokigusa kwa ukucha. Kipago cha tatu kutoka chini kilizunguka mkononi mwangu. Ukiitazama kutoka barazani, ungeapa kwamba ni ngazi nzima.

Hata ngazi nzuri huangusha watu ikisimamishwa vibaya. Kanuni inayotumiwa na mafundi wa nchi nyingi ni kwamba kwa kila mita nne za kimo, miguu ya ngazi ikae mita moja mbali na ukuta: ikiwa wima mno humpindua mtu nyuma, na ikilala mno miguu huteleza. Isiegemezwe kwenye gata, kwa sababu plastiki na bati laini hupinda na ngazi ikakimbilia kando. Udongo wetu wa majivu ya volkano ni mwepesi, na baada ya manyunyu mguu mmoja wa ngazi hutitia huku mwingine umesimama imara, kwa hiyo ubao mpana uwekwe chini ya yote miwili. Nyaya za umeme zinapopita karibu na paa, ngazi ya aluminiamu isikaribie kabisa, maana waya wa umeme haumsamehi mtu aliyeshika chuma. Na kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni la kujinyoosha: mtu amebakiza majani ya upana wa mkono tu, anaona uvivu kushuka na kuihamisha ngazi, anaegemea kando mpaka kitovu kinapita mti wa ngazi. Hapo ngazi huondoka.

Mwili nao hubadilika bila kutoa taarifa. Dawa nyingi za presha huweza kuleta kizunguzungu mtu anapobadilisha mkao ghafla, na miwani yenye lenzi mbili kwa kila jicho, ya kuonea mbali juu na ya kusomea chini, huvuruga umbali wa kipago mtu anapotazama chini wakati wa kushuka. Mifupa hupungua nguvu, hasa kwa akina mama baada ya hedhi kukoma, na anguko ambalo lingemwachia kijana michubuko humvunja mzee nyonga, ambapo kulala kitandani kwa muda mrefu huleta nimonia na damu kuganda miguuni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, zaidi ya asilimia 80 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na waliopita miaka 60 ndio wanaokufa kwa wingi zaidi. Umri huo ndio ambao watumishi wa umma wa Kenya hustaafu tangu mwaka 2009, wakarudi kwenye nyumba walizozijenga kwa mkopo na jasho, wakiwa na wakati wa kutosha na hamu ya kuzitunza kwa mikono yao wenyewe.

Ndiyo maana kumwambia mzee "Baba, wewe umezeeka, shuka" hakufai kitu. Jirani yangu huyo nilimwambia, "Mwalimu, naomba kazi ya gata nimletee kijana, wewe umsimamie." Alinitazama kitambo, akauliza, "Ataijua nyumba yangu?" Nikamjibu kwamba ndiyo sababu asimamie yeye. Alikubali. Kibarua wa siku moja hugharimu fedha kidogo mno ukilinganisha na upasuaji wa nyonga, na watoto walioko Nairobi wanaweza kuilipa kwa simu kabla ya mvua. Zaidi ya hapo, wavu wa waya juu ya gata hupunguza majani, na bomba la kumwaga maji ya mvua ya kwanza, lenye kifuniko cha kufungulia chini, husafishwa mtu akiwa amesimama ardhini. Ile ngazi ya mafundi na ikatwe kuni.

Mzee akianguka, asinyanyuliwe kwa kuvutwa mikono hata akisema hana neno. Akiwa na maumivu ya shingo, mgongo au nyonga, afunikwe na aachwe alipo hadi msaada ufike. Akiwa amegonga kichwa, na hasa kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo, kwa sababu damu huweza kuvuja polepole ndani ya fuvu na dalili zikachelewa kwa siku au hata wiki kadhaa. Usingizi usio wa kawaida, maumivu ya kichwa yasiyotulia, maneno yanayochanganyika au mguu unaoburuta ni sababu ya kurudi huko mara moja, na daktari aambiwe waziwazi kwamba mgonjwa alianguka kutoka kwenye ngazi, hata ikiwa mwenyewe anasisitiza kwamba alipona zamani.